Macho Mawili Ukingoni mwa Sarafu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Mvua nyepesi ilipita alfajiri, ikaacha mabati yakidondosha matone na hewa ikinuka vumbi lililolowa. Jua lilikuwa linajivuta nyuma ya mawingu kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Mama Pindo alimaliza sala yake ya asubuhi, akabaki amepiga magoti kidogo zaidi ya kawaida, maana siku hiyo alikuwa na ombi la pekee. Hakuomba kufaulu. Aliona haya kumsumbua Mungu kwa habari ya mtihani wakati dunia ina wagonjwa wengi. Aliomba macho ya kuona kilichopo na ulimi wa kukisema. La macho halikumtia wasiwasi sana. La ulimi ndilo lililomkosesha raha.

Jina la Mama Pindo alilipata kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo tangu usichana wake, na kabla hajasifu vazi lolote, hata la bibi harusi, aliligeuza ndani nje akatazama pindo lake. Wateja walimcheka mpaka wakazoea. Akiwa amekwisha kuitwa bibi na wajukuu, aliamua kutafuta elimu aliyoikosa. Alikwenda ukumbi wa jamii, nyuma ya maktaba, kuulizia masomo ya jioni ya hesabu. Darasa la hesabu lilikuwa limejaa. Karani akamwambia kwamba lililobaki na nafasi ni la kukadiria sarafu za zamani. Siku ya kwanza alikaa kwa adabu tu, asimvunje mwalimu moyo. Alitoka amenaswa kama samaki.

Mwalimu wao alikuwa mzee mwembamba aliyening'iniza sumaku shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa hiyo wanafunzi wakamwita Mwalimu Sumaku, naye akaitika bila kinyongo. Alipenda sarafu zote, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa senti za chuma zilizopigwa wakati wa vita.

"Shaba ilikuwa inatakiwa kwenye risasi na nyaya," aliwaambia jioni moja. "Ndipo wakapiga senti za chuma. Chuma kinaogopa maji, kwa hiyo walikivalisha koti la zinki. Sasa sikilizeni vizuri. Walilipaka zinki bamba zima kwanza, halafu ndipo wakakata vile viduara. Kwa hiyo senti ya kweli ina koti usoni na mgongoni, lakini ukingo wake uko uchi. Mkiona senti ya chuma inang'aa mpaka ukingoni, shtukeni."

"Ni kama kitambaa kilichokatwa, hakijakunjwa pindo," Mama Pindo alisema kwa sauti ndogo.

"Hasa! Rudia, wasikie wote."

Tangu jioni hiyo alijua amefika nyumbani. Alijifunza kushika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, asiiguse uso. Alijifunza kuona kwa lenzi vitundu vidogo vya sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa mashine. Alijifunza pia maneno ya darasa lao: senti ambayo haijawahi kupita mikononi mwa watu waliiita mbichi, iliyotumika kiasi wakaiita nzima, iliyosagika wakaiita imechoka. Na iliyosuguliwa, au kuoshwa kwa ndimu, au kupakwa upya, waliiita imeguswa. Neno hilo Mwalimu Sumaku alilitamka kama anayetaja msiba.

Chama cha wakusanyaji sarafu kilikuwa na meza yake ukumbini. Jumamosi moja kila mwezi watu walileta sarafu zao, na wakadiriaji watatu wakawaambia ukweli wake. Kiti cha tatu kilikuwa wazi tangu mwenye nacho ahamie mbali kwa wanawe. Mama Pindo alikitamani kiti hicho kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote kisichokuwa mtoto wala cherehani.

Mwezi uliopita alijaribiwa, akaanguka. Si kwa macho. Babu mmoja alileta senti bandia aliyoitunza ndani ya kitambaa cha hariri, na Mama Pindo, aliyekwisha kuiona kuwa ni bandia kabla haijatua mezani, akamtazama yule babu usoni, akasema, "Ni nzuri tu, baba. Itunze."

Mwalimu Sumaku alimsubiri babu atoke. "Mama Pindo," akasema, "hapa hatukai kuwafariji wagonjwa. Yule mzee ataionyesha kwa mtu mwingine, na huyo mwingine atamcheka. Jaribio moja limebaki. Ukishindwa, kiti anakipata Daktari."

Daktari alikuwa daktari wa meno, mwanafunzi mwenzake. Alikuwa mtu mwema mwenye mikono myepesi, na kusema ukweli mchungu hakukumpa shida hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba jino halifai.

Basi asubuhi hiyo ya tarehe kumi na nne ndiyo ilikuwa ya jaribio la pili. Mama Pindo alisimama, akakunja mkeka wake, akaingia sebuleni kufungua dirisha. Hapo akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Ukutani juu ya redio palikuwa na mraba mweupe, msafi kuliko ukuta mwingine wote. Fremu ndogo ya kioo haikuwepo.

Ndani ya fremu hiyo mlikuwa na senti ya chuma. Mama mkwe wake ndiye aliyemkabidhi mwanawe, na mwanawe akampa Mama Pindo walipochumbiana, imekwisha kufungwa kwenye kioo kwa vipande vya mbao alivyovichonga mwenyewe. Upande mmoja ilikuwa na gurudumu, upande wa pili tarakimu. Iling'aa kama mwezi. Ilishuhudia watoto wakizaliwa, wakisoma, wakioa na kuolewa, na haikufunguliwa hata mara moja. Tangu aanze darasa, Mama Pindo alikuwa akiitazama kwa jicho la pembeni. Iling'aa mno. Lakini ukingo ulifichwa na mbao, naye hakuthubutu kuzing'oa. Jioni nyingine alijiambia kwamba labda ni mbichi kabisa, ajabu ya maajabu. Jioni nyingine aliwasha redio asiiwaze.

"Mzee!" aliita. "Fremu iko wapi?"

Mumewe alitokea jikoni na kikombe mkononi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mistari ikawa mikali kama kisu. Watu walimwita Zinki. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye karakana ya kuchovya vyuma, akizamisha misumari, bawaba na ndoo kwenye mapipa ya zinki, na hata baada ya kustaafu aliendelea kwenda kuwasaidia vijana, kwa sababu alisema nyumbani hakuna harufu ya karakana.

"Fremu gani?" alijitia hamnazo.

"Mzee."

"Aa, ile! Nimeitoa nipanguse vumbi."

"Wewe? Vumbi?"

"Mtu habadiliki?" Zinki akanywa chai kwa kelele, akarudi jikoni upesi kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Mama Pindo alielewa kila kitu papo hapo. Mumewe hakuwa hodari wa kuficha zawadi. Angeileta mezani, mbele za watu, ili mke wake apate kukadiria sarafu nzuri kuliko zote. Njia nzima ya kwenda ukumbini, akiruka madimbwi, aliomba kwa midomo iliyofumba: Mungu wangu, macho halafu ulimi. Macho halafu ulimi.

Ukumbini meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheusi. Palikuwa na mizani ndogo, sumaku, taa ya kupinda shingo na lenzi. Mwalimu Sumaku alikaa kiti cha katikati, na mkadiriaji wa pili alikuwa amempisha Daktari cha kushoto, awe shahidi wa jaribio. Kiti cha kulia kilivutwa nyuma kidogo, kikimngoja.

"Unazijua taratibu," alisema Mwalimu. "Mambo matatu, kwa sauti, mbele ya mwenye mali. Ni yenyewe au si yenyewe. Hali yake. Imeguswa au haijaguswa. Ukimaliza kusema, ndipo mimi nakubali au nakataa. Katikati sitii neno."

"Na mimi?" aliuliza Daktari.

"Wewe unafumba mdomo. Leo na wewe ujue wagonjwa wako wanavyojisikia."

Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye chupa ya jamu iliyojaa senti za chuma zilizogandana kwa kutu mpaka zikawa bonge moja. Mama Pindo alizitenganisha kwa subira kama anayefumua mshono, akapata moja tu ambayo zinki yake ilikuwa bado hai. "Ni zenyewe zote," akasema. "Zimechoka, isipokuwa hii moja, ni nzima. Hazijaguswa. Lakini dada, usiziweke tena jikoni, mvuke unazila." Mwalimu alikubali kwa kichwa.

Wa pili alikuwa dereva mstaafu mwenye kofia, aliyeapa kwamba yake ni ya vita. Mama Pindo aliisogezea sumaku. Senti ikabaki imelala, haina habari. Akaigeuza, akaona ukingoni wekundu wa shaba ukichungulia chini ya rangi ya fedha.

Aliutazama uso wa mwenye kofia. Ulikuwa umejaa matumaini. Ulimi wa Mama Pindo ukaanza kutafuta njia ya pembeni. Akaurudisha.

"Si yenyewe," akasema. "Ni senti ya shaba ya miaka ya baadaye, imepakwa rangi. Sumaku haiitaki."

Dereva alivua kofia, akajikuna. "Kumbe shemeji yangu alinipiga! Na nilimpa baiskeli!" Akaanza kucheka mwenyewe. "Lakini baiskeli yenyewe ilikuwa haina breki."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko, na Mama Pindo akahisi mabega yake yakishuka. Kumbe mtu anaweza kuambiwa ukweli na asife. Alikuwa anamshukuru Mungu kimoyomoyo aliposikia sauti anayoijua, kutoka mlangoni.

"Nipisheni, nipisheni, nina mgonjwa!" Ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, ambaye tangu siku ya kwanza aliyaita masomo ya jioni chekechea ya mabibi. "Haya, wifi! Nimekuja kumwona mwanafunzi wetu. Daftari liko wapi? Umekula kabla ya kuja shule?"

Nyuma yake alikuja Zinki, ameshika kifurushi cha gazeti kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Alisubiri zamu yake. Ilipofika akakifungua kifurushi taratibu, akaiweka fremu juu ya kitambaa cheusi. Taa ikaigonga senti, na watu waliosimama karibu wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Nataka ikadiriwe," alisema Zinki, kidevu juu.

Mwalimu Sumaku alimwinamia Mama Pindo. "Hii ni ya nyumbani kwako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unaweza kuipisha. Daktari ataitazama. Haitahesabiwa."

Zinki alisikia. "Mimi sikuja kwa Daktari," akasema. "Meno yangu ni mazima. Nimekuja kwa mke wangu."

Mama Pindo aliitazama fremu. Akiipisha, atabaki salama, na kiti huenda akakipata. Lakini Daktari ataigeuza, ataiona, na atasema, na mumewe atalisikia neno hilo kwa mdomo wa mtu asiyemjua, aliyezoea kung'oa. Wazo hilo lilimchoma kuliko lile la kulisema yeye mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Nitaitazama mimi. Mzee, toa mbao."

Zinki alitoa bisibisi mfukoni. Alikuwa amejiandaa. Aling'oa vipande vya mbao kimoja kimoja, na kila msumari ulilia kidogo. Mwisho senti ikateleza juu ya kitambaa, huru kwa mara ya kwanza tangu uchumba wao.

Mama Pindo aliishika ukingoni kwa vidole viwili. Aliisogeza kwenye sumaku. Ikaruka na kung'ang'ania. Aliipima, uzito ukawa wa haki. Akainamisha taa, akaweka lenzi jichoni, na ukumbi wote ukatoweka.

Gurudumu lilikuwa na spoki zake zote, ncha zake kali. Hapakuwa na vitundu vya kalibu. Ilipigwa kwa mashine, hilo halina ubishi. Lakini uso wake, chini ya ule mng'ao, ulikuwa na vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya mtu aliyewahi kuugua ndui. Vishimo vya kutu. Kutu ilikuwepo, ikatolewa, na zinki ikaja juu yake. Akashusha pumzi. Akaigeuza kuangalia ukingo.

Ukingo ulikuwa mweupe, laini, umefunikwa kotekote. Pindo lilikuwa limeshonwa.

Na pale ukingoni, zikitazamana, palikuwa na nukta mbili ndogo mno ambazo zinki haikufika. Mtu mwingine angezipita. Mama Pindo hakuzipita, maana nukta zile alikuwa ameishi nazo. Zilikuwa kwenye kitasa cha mlango wao, kwenye ndoano ya taulo, kwenye mpini wa birika. Ni pale waya mwembamba unaposhika kitu kinapozamishwa pipani. Vijana wengine karakanani walitumia kibanio, kikaacha kovu baya. Mumewe peke yake alitumia waya wa ncha mbili, ukashika kidogo tu. Watoto wao walipokuwa wadogo walishindana kuzitafuta nyumba nzima, na walipozipata walipiga kelele, "Macho ya Baba!"

Alifumba jicho nyuma ya lenzi. Alimwona kijana mmoja aliyekuwa na viatu vya kuazima, amepewa na mama yake senti iliyoliwa na kutu, hana kingine cha kumpelekea mchumba. Alimwona akikawia karakanani wenzake wakienda kula, akiisugua, akiifunga waya, akiizamisha.

Aliweka lenzi chini. Mumewe alikuwa anatabasamu. Wifi alikuwa amekunja mikono. Ulimi wa Mama Pindo ukaanza tena kutafuta njia ya pembeni, na njia zilikuwepo, tena nyingi na tamu. Mungu wangu, alisema moyoni, macho umenipa.

"Ni yenyewe," akasema. "Ni senti ya chuma ya wakati wa vita, imepigwa kwa mashine, uzito wake ni sahihi. Hali yake: iliwahi kuliwa na kutu usoni na mgongoni. Imeguswa. Kutu ilisuguliwa, na sarafu ikachovywa zinki upya, mpaka ukingoni. Mng'ao huu si wa kwake wa kuzaliwa."

Wifi alikunjua mikono.

"Kweli kabisa!" alipaza sauti Zinki, akapiga meza mpaka mizani ikaruka. "Kweli tupu! Niliichovya mimi! Umejuaje?"

"Nimeyaona macho yako ukingoni."

"Mnasikia?" Zinki aliwageukia watu wa foleni. "Ameyaona! Kitu kidogo kama kichwa cha sindano! Huyu ndiye mke wangu!"

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," alisema wifi. "Usishangilie kabla hujaelewa. Bwana Sumaku, imeguswa maana yake nini? Ni vizuri au vibaya?"

Mwalimu Sumaku alikohoa. "Mkadiriaji amesema sawasawa, nakubali neno kwa neno. Na maana yake, mama, ni kwamba kwa mkusanyaji sarafu hii haina daraja la ubora tena. Ingeachwa na kutu yake, ingekuwa imechoka, lakini ingekuwa na daraja. Ikishapakwa upya, tunaihesabu kama pambo."

Tabasamu la Zinki lilipungua polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Akaitazama senti, akawatazama watu, akairudia senti. "Kwa hiyo niliiharibu," akasema. "Siku zote hizo iko ukutani, mimi nikijua nimeitengeneza."

Mama Pindo alimgeukia Mwalimu. "Kazi imekwisha?"

"Hukumu imekwisha."

"Basi naomba ruhusa."

Akainuka kwenye kiti. Akaizunguka meza yote, akapita nyuma ya Daktari na mbele ya foleni, akaja akasimama upande wa wateja, bega kwa bega na mumewe.

"Pale nilikuwa mkadiriaji," alimwambia. "Hapa ni mimi. Siku ile ungeniletea yenye kutu, ningeipokea. Nilikuwa nakutaka wewe, sikutaka senti. Lakini kama ungeniletea yenye kutu, nisingejua mpaka leo kwamba uliacha kula ili uisugue."

"Nani kakwambia niliacha kula?"

"Uongo?"

Zinki alitazama viatu vyake. "Siku mbili tatu hivi," akakiri. "Kutu ilikuwa ngumu."

Wifi alianza kutikisika mabega, na watu wakadhani analia, kumbe anavunjika mbavu kwa kicheko. "Jamani, mnajua ile senti ilitoka wapi? Mama yetu alikuwa ameisokomeza chini ya mguu wa meza! Meza ilikuwa inayumba! Huyu aliposema anataka kuposa, Mama akatazama nyumba nzima, hakuna kitu, akainama akaichomoa. Tukala kwenye meza inayoyumba mwaka mzima, mchuzi unamwagika, tunaambiwa tuvumilie, ndugu yenu anaoa!"

Kicheko kilizunguka ukumbi mzima. Hata Mwalimu Sumaku alivua miwani akajifuta macho. Zinki mwenyewe alijaribu kukunja uso, akashindwa.

"Sasa niulize," alisema alipopata pumzi, na sauti yake ilikuwa ya fundi, imerudi mahali pake. "Sarafu haina daraja, sawa, nimekubali. Na kazi ya kuchovya je? Nayo haikadiriwi?"

Mama Pindo alimtazama Mwalimu. Mwalimu akanyoosha mkono kuonyesha kiti. "Rudi ukae. Swali la mteja hujibiwa ukiwa kitini."

Akazunguka tena, akakaa, akachukua lenzi. Hakuharakisha. Alichunguza uso, mgongo, ukingo wote, na zile nukta mbili. Watu walisubiri kana kwamba ni jambo kubwa, na kwake lilikuwa kubwa.

"Koti ni sawa kotekote," akasema. "Halijachubuka, halijavimba, halina tone wala mkunjo. Kutu haijarudi mahali popote, hata kwenye vishimo. Alama za waya ni mbili, ndogo kabisa. Kazi hii haina dosari." Akaweka lenzi chini. "Na hilo nalisema kutoka kitini."

Zinki alitoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akaikunja leso vizuri kuliko kawaida yake.

"Daktari," aliita Mwalimu Sumaku, "sasa unaweza kufungua mdomo. Unasemaje?"

"Nasema kiti kimepata mwenyewe," alijibu Daktari. "Mimi nisingezijua zile nukta. Na ningeng'oa vibaya."

"Basi tumalize." Mwalimu alisimama, na wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi nao wakasimama, kwa maana wote waliijua desturi ya meza ile. Mkadiriaji mpya haapi kwa maneno ya kukariri. Anaahidi kwa maneno yake mwenyewe, kwa sauti, na waliopo wanakuwa mashahidi. "Mashahidi wapo?"

"Tupo," wakaitika.

"Tupo, na mimi sisahau kitu," aliongeza wifi. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo Mama Pindo hakuwahi kuisikia kwake, akasema, "Sema, wifi yangu. Tunasikiliza."

Mama Pindo aliweka kiganja juu ya kitambaa cheusi, kando ya senti ya meza inayoyumba. Nje jua lilikuwa limeshinda mawingu, na mwanga ulikuwa umefika mpaka miguuni mwa foleni. Alihisi ametulia kama anavyotulia mwishoni mwa sala, pale ambapo maneno yamekwisha na mtu bado hajainuka.

"Naahidi," akasema, "nitaangalia ukingo kabla sijasifu uso. Nitasema ninachokiona, kwa mgeni na kwa mtu wa nyumbani kwangu, kwa sauti ile ile. Nisipokiona, nitasema sikioni. Na mtu akiumia kwa nilichosema, sitabadilisha neno, lakini nitainuka kitini niende nikasimame upande wake. Mungu anisaidie."

"Tumesikia," wakasema mashahidi.

"Na mimi!" Zinki aliinua mkono wake wenye makovu ya asidi ya karakana, juu kabisa, kama mwanafunzi. "Na mimi nina langu, nanyi mlisikie. Naahidi mbele ya mke wangu, na mbele ya dada yangu asiyesahau kitu, kwamba kuanzia leo chuma chochote kikiingia nyumbani kwetu, kiwe na kutu kiasi gani, hakitaona pipa la zinki kabla hakijaonwa na mkadiriaji."